Mahali pa Kupumulia: Barua za wasomaji kuhusu tenzi na kinanda cha kompyuta

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, mpigakinanda wa kanisani, na usiku ninatengeneza muziki kwenye kompyuta. Mwezi uliopita niliupanga upya wimbo "Kaa Nami" kwa vyombo vya kielektroniki vitupu: sintesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme), besi ya kompyuta na dramu. Niliweka mwendo wa mapigo 124 kwa dakika, nikachagua kodi nne (noti zinazolia pamoja) zinazojirudia, nikaimba mwenyewe juu yake. Marafiki zangu waliupenda. Nilipowapigia wanakwaya wakubwa, walianza kuimba nao, kisha wakaacha kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mzee mmoja akasema umeme umeutoa wimbo roho. Je, tenzi za zamani hazifai kwa vyombo hivi? Na kama zinafaa, nimekosea wapi? Nimekutumia rekodi pamoja na faili lote la kazi ulifungue mwenyewe.
– Mpigakinanda wa Usiku

Marahaba, mwanangu. Faili lako nimelikalia jioni tatu, hedifoni masikioni, kitabu cha nyimbo mapajani. Nianze na mzee wako, maana naona neno lake limekuchoma.

Umeme hautoi wimbo roho. Mimi nilijifunzia kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu ikichoka sauti nayo inakata, na nilikaa nacho miaka kumi na tisa kabla sijagusa kompyuta. Hofu ya mzee wako ninaijua kwa ndani. Lakini hata kinanda kikubwa cha mabomba, ambacho leo watu wengi wanakiona ndicho sauti yenyewe ya kanisa, kiliwahi kukataliwa na watu wa imani waliokuwa na sababu zao. Katika Geneva ya Calvin, kiongozi wa matengenezo ya kanisa, waliimba zaburi ibadani kwa sauti tupu, bila chombo chochote, na katika kitabu chao cha zaburi cha mwaka 1551 ndimo ilimotokea tuni ya "Old Hundredth" tunayoiimba hadi leo. Baadaye sana, mwaka 1935, kinanda cha umeme cha Laurens Hammond kilianza kuuzwa, na makanisa yalikuwa miongoni mwa waliolengwa tangu mwanzo. Ndani yake kuna magurudumu ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa, spika inaimba. Watu wamezikwa na kufungishwa ndoa kwa chombo hicho, na hakuna anayeuliza roho ilikwenda wapi.

Tena ukikitazama kinanda cha mabomba kwa jicho la fundi, utaona ni sintesaiza ya upepo. Safu ya mabomba ya futi 8 inatoa noti kama ilivyoandikwa, ya futi 4 inatoa oktava moja juu, ya futi 16 oktava moja chini, na mpigaji anavuta vishikio kuzichanganya mpaka apate rangi anayoitaka. Wewe unapojumlisha mawimbi kwenye skrini unafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo wimbo unaweza kukaa humo. Kwamba wazee walinyamaza, hilo ni jambo jingine, na nadhani najua mahali walipoachia. Ni mwisho wa mstari wa pili, au siyo? Hukuniandikia, lakini faili lako linasema.

Tuufuate wimbo wenyewe. Maneno ya Kiingereza ni ya Henry Francis Lyte, aliyefariki mwaka 1847 kwa kifua kikuu. Aliyachota kwa wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, waliomsihi mgeni wao akae nao kwa kuwa kumekuchwa. Tuni tunayoiimba ilitungwa na William Henry Monk mwaka 1861, na akaipa jina la "Eventide". Ina mistari minne, kila mstari vipimo vinne vya mapigo manne, basi. Sauti ya kwanza haishuki chini ya do wala haipandi juu ya la. Ni wimbo mdogo kabisa. Ukubwa wake wote umo katika sauti tatu za chini na jinsi zinavyotembea: karibu kila noti Monk anabadilisha kodi. Mguu wa besi hautulii.

Wewe umeweka kodi nne, moja kwa kila kipimo: ya do, ya la, ya fa, ya so, kisha unarudia. Mstari wa kwanza unaishia kwenye mi, na Monk anaileta nyumbani, kwenye kodi ya do. Kwako mi hiyo inaikuta kodi ya so, yaani mtu amefika mlangoni amekuta umefungwa. Lakini hapo wazee walivumilia. Mstari wa pili ndio uliowashinda. Uimbe polepole kwa solfa:

mi, fa, so, la, so, fa, re, mi, fi, so.

Iko hiyo fi. Ni fa iliyopandishwa nusu, nayo inafungua mlango wa ufunguo mwingine: kwa pumzi moja wimbo unahama kutoka do kwenda kusimama kwenye so, na giza la maneno linapata mwanga kidogo. Sasa katika tafsiri tuliyoizoea, mstari huo ni "Usiniache gizani, Bwana". Hesabu silabi kumi kwenye noti kumi, uone fi imeangukia wapi. Imeangukia "Bwa". Mtu analiita jina la Bwana, na papo hapo noti inapanda mahali ambapo ufunguo wa mwanzo haukuwa na nafasi yake. Mimi naujua wimbo huu tangu utotoni, na bado hapo ngozi inanisisimka.

Kodi yako ya tatu imeshikilia fa ya kawaida chini ya silabi hiyo. Na wewe mwenyewe kwenye rekodi umeshusha fi ukaimba fa ili upatane na kompyuta. Wazee waliimba fi, kwa sababu ndivyo ulivyo kifuani mwao. Fi na fa zikilia pamoja zinakwaruzana kama sahani mbili. Mwanakwaya mzoefu akisikia hivyo hafikiri kwamba chombo kimekosea. Anadhani amekosea yeye, ananyamaza kwa aibu. Waombe radhi, hasa yule mzee. Alisema "roho", nami nadhani alichokuwa amekipoteza ni fi.

Kwa hiyo jambo la kwanza: futa kodi zile nne. Rudisha sauti zote nne za Monk kama zilivyo kitabuni, uzichukue kama mifupa. Kama unataka kupunguza kodi ili muziki upate nafasi, punguza katika ubeti mmoja tu, tena kwa kuacha besi itembee peke yake na sauti ya kwanza. Besi ya Monk na sauti ya kwanza yake, mbili tu, zinasimama.

Jambo la pili ni pumzi, na hili nilifundishwa na mama yangu mzazi. Mpangilio wangu wa kwanza wa wimbo huu kwenye kompyuta niliufanya kwa bidii nyingi, fi yangu ikiwa mahali pake, nikampelekea. Alikuwa na miaka 81, ameimba sauti ya pili tangu usichana wake. Nikaweka spika mezani. Akafumba macho, akaanza kuimba. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda, lakini nikaona bega lake linapanda haraka. Wa tatu ulianza yeye akiwa bado anavuta hewa, akaingia akiwa amechelewa silabi mbili, akakimbilia, akachelewa tena. Akafumbua macho akasema, "Hakinisubiri." Akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza wageni.

Neno hilo moja limenifaa kuliko vitabu. Mpigakinanda kanisani hapigi mistari minne mfululizo kama treni. Anainua mikono kidogo mwisho wa mstari, waimbaji wanavuta hewa, anashuka nao. Hakuna kinachoandikwa kitabuni kuhusu hilo, lakini kila mtu analifanya. Kompyuta haina mapafu, haiwezi kulijua mpaka umwandikie mwimbaji nafasi yake.

Angalia hesabu yako. Kwa mapigo 124, pigo moja ni chini kidogo ya nusu sekunde. Noti ya mwisho wa mstari ina mapigo manne. Mwimbaji akiishika matatu, amebakiwa na hiyo nusu sekunde ya kuvuta hewa. Kijana wa miaka 23 anaweza. Mwendo wa 72 unatoa sekunde 0.83 kwa pigo, na mstari mzima unachukua sekunde 13 na kitu. Hapo binadamu anaimba. Kama dramu zako zinahitaji uchangamfu, ziache zihesabu mara mbili zaidi, 144, huku wimbo ukitembea 72 juu yake. Sikio litasikia vyote viwili bila ugomvi.

Kisha katika pigo la nne la kila noti ya mwisho wa mstari, kata. Namaanisha kata kweli. Hii sauti yako laini ya kusambaa, ile pana kama ukungu, umeiwekea mkia mrefu: ukiachia kidole inaendelea kulia sekunde tatu. Huo mkia unaziba mahali pa kupumulia. Mwimbaji akisikia sauti bado inaendelea anahisi hajaruhusiwa kupumua. Punguza mkia mpaka noti ife ndani ya pigo moja, punguza na mwangwi, halafu mwisho wa mstari wa pili, na pale tu, ushushe mwendo kidogo, toka 72 hadi 68, kabla hujarudi. Sogeza pia mwanzo wa sauti: umeiweka ichipuke taratibu, ikichukua karibu sekunde nzima kufikia nguvu yake. Kwa kodi zinazobadilika karibu kila noti, sauti ya namna hiyo haifiki kamwe. Kodi inaondoka kabla haijazaliwa. Ndiyo maana, nadhani, ulijikuta unachagua kodi nne badala ya kufuata za Monk. Chombo ulichokichagua kilikuamulia. Chagua sauti inayoitika mara moja, yenye mwili mdogo, karibu na filimbi ya bomba, uone jinsi kodi zote zitakavyosikika.

Sasa dramu. Hapa nina jambo ambalo lilinifanya nisimame kwenye kiti nilipoligundua, na sijaona mtu akilisema.

Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: NA-mi, u-SI-ku, TE-na. Tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine haijui hivyo. Chukua "Kaa nami, ni usiku tena" uigawanye kwenye vipimo. Kipimo cha kwanza: "Ka" kwenye pigo la kwanza ikishika mawili, "a" la tatu, "na" la nne. Kipimo cha pili: "mi" pigo la kwanza, "ni" la tatu. Kipimo cha tatu: "u-si-ku-te", kila silabi pigo lake. Cha nne: "na", mapigo yote manne.

Umeona? Pigo la kwanza la kipimo, lile lenye uzito, limeangukia "mi" ya nami na "na" ya tena, silabi ambazo Kiswahili kinazipitia kwa wepesi. Wewe umeweka pale ngoma nene ya chini, hiyo mnayoiita kiki, kwa nguvu zote. Matokeo yake ni "na-MI", "te-NA". Lugha yetu inatamkwa kwa lafudhi ya ugenini ndani ya sala ya mtu.

Kinanda cha mabomba hakikuwa na tatizo hili. Ubonyeze kwa upole, ubonyeze kwa nguvu, bomba linalia vilevile; mguso wa kidole haubadilishi ukubwa wa sauti. Kwa miaka yote hiyo kinanda kiliusitiri mgongano wa lugha na tuni, na waimbaji wakawa huru kukaza walipotaka. Ngoma haisitiri. Inataja wazi pigo lipi ni zito.

Lakini tazama neema iliyojificha hapo hapo. Silabi zinazokazwa zimeangukia wapi? "Na" ya nami pigo la nne. "Si" ya usiku pigo la pili. "Te" ya tena pigo la nne. Nenda mstari wa pili: "za" ya gizani pigo la pili, "Bwa" pigo la nne. Pili na nne! Ndiyo makao ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, katika muziki wenu wote wa siku hizi. Dramu ya kisasa, iliyotiliwa shaka na wazee, inaweza kukitamka Kiswahili cha wimbo huu vizuri kuliko kiki inayopiga hatua za gwaride.

Basi fanya hivi. Kiki iache kwenye "Ka" ya mwanzo. Iondoe kabisa kwenye "mi" na kwenye "na" ya mwisho. Sneya laini, zaidi ya mswaki kuliko fimbo, iweke pigo la nne la kipimo cha kwanza, kisha la pili na la nne la kipimo cha tatu. Katika mstari wa pili, "a" ya usiniache inakazwa na imeangukia pigo la kwanza la kipimo cha pili. Hapo kiki karibu. Usinakili muundo wa ubeti wa kwanza ukaubandika kwenye beti nyingine. Maneno yakibadilika, mkazo unahama, na ngoma ihame nao. Ni kazi ya usiku kadhaa. Isome mistari kwa sauti kwanza, kama mashairi, ukigonga meza.

La mwisho kwako. Noti zako zote zina nguvu 100. Kompyuta inapima nguvu ya kidole kwa namba kutoka 1 hadi 127, na namba 100 kila mahali inaniambia umeandika noti kwa kipanya, moja moja, ukazinyoosha kwenye mstari. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa kazi za Bach kwa sintesaiza ya Moog, mojawapo ikiwa ile kwaya maarufu ya "Jesu, Joy of Man's Desiring". Chombo chake kiliweza kutoa noti moja tu kwa wakati. Ilimbidi apige kila sauti peke yake, kwa mkono, azipange tabaka juu ya tabaka. Kilichoonekana ni kasoro kiliifanya kila sauti iwe na mwenendo wake, kama mtu. Nawe piga hivyo. Piga sauti ya nne kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, huku unaiimba. Rudi upige ya tatu, ya pili, ya kwanza. Usizinyooshe. Zikipishana kidogo sana, ziache. Watu wanne hawagusi silabi kwa wakati mmoja kama mkasi.

Na hizo "aaa" za kwaya ya kompyuta, ziondoe. Kwaya isiyotamka neno katika wimbo wa kuomba inanihuzunisha. Ukitaka sauti ya ajabu kwenye ubeti mmoja, tumia vokoda: imba maneno wewe, sintesaiza itoe sauti nne, umbo la kinywa chako likae juu ya kodi za Monk. Ila changanya humo kiasi cha sauti yako halisi ya juu, la sivyo "s" na "ch" zitapotea, na "usiniache" itageuka kuwa mlio tu.

BARUA YA PILI

Mwalimu, habari za kazi. Nimepanga tenzi tano kielektroniki nataka kuziuza. Nimeambiwa nyimbo za kanisa ni za wote, hazina mwenyewe. Ni kweli?
– Mwenye Swali

Nusu kweli, na nusu iliyobaki inaweza kukuingiza matatani. Maneno ya Lyte na tuni ya Monk, aliyefariki mwaka 1889, haki zake za kisheria zimekwisha muda wake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ilindwe angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na nchi nyingi zimeweka 70. Kwa watunzi hao muda umepita zamani.

Lakini tafsiri ni kazi ya mtu mwingine. Aliyefasiri tenzi kwa Kiswahili ana haki yake, na muda wake unahesabiwa kutoka kifo chake, siyo cha mtunzi wa kwanza. Vivyo hivyo mpangilio mpya wa sauti nne uliochapishwa majuzi kitabuni: tuni ni ya kale, ila zile sauti za ndani ni za mpangaji aliye hai au aliyefariki karibuni. Kabla hujauza, angalia chini ya kila ukurasa wa kitabu ulichotumia, soma majina yote na miaka, kisha mwandikie mchapishaji pale ambapo huna hakika. Au panga mwenyewe sauti za chini kutoka kwenye tuni tupu. Hapo kazi ni yako na utalala vizuri.

Kuhusu vipande vya muziki vilivyotengenezwa tayari, vile vinavyokuja na programu au vinavyopakuliwa, usisome tangazo. Soma leseni yenyewe. Vingine vinaruhusu kuuza, vingine matumizi ya nyumbani tu. Wimbo wa mtu aliyeurekodi juzi usiukate kipande hata sekunde mbili. Rekodi ina mwenyewe wake hata kama wimbo hauna.

Na tafadhali andika majina. Mtunzi wa maneno, mtunzi wa tuni, mfasiri, wewe mpangaji. Inaniuma kuona "wimbo wa kanisa" limeandikwa mahali ambapo jina la mtu lilipaswa kukaa.

BARUA YA TATU

Mwalimu, mimi ni mama wa miaka 68, naimba sauti ya pili. Vijana wetu wameleta muziki wa kompyuta wa tenzi, nasi tunauimbia juu yake. Siwapingi, wanajitahidi, tena wananiita bibi kwa upendo. Ila muziki wenyewe uko juu mno, koo linauma, na ubeti ukiisha hatujui wa pili unaanza lini; tunajikuta nusu tumeingia nusu bado. Nikiwaambia wanajibu kompyuta ndivyo ilivyo. Je, ndivyo ilivyo?
– Sauti ya Pili

Shikamoo Mama. Hapana, sivyo ilivyo. Yote mawili yanarekebishika, na la kwanza halichukui hata dakika moja.

Mpangaji akiwa ameandika muziki kama noti ndani ya programu, anazichagua zote na kuzishusha nusu sauti, sauti nzima, apendavyo. Kwa vitabu vingi "Kaa Nami" huandikwa katika ufunguo wa Mi bemoli (E♭). Sauti ya kwanza ikifika la ya ufunguo huo, inagusa Do ya juu (C). Asubuhi na mapema, koo halijaamka, hiyo si noti ndogo. Waambie washushe hadi Re (D), au hata Do (C), kisha msikilize besi zenu kama bado zinafika chini. Tahadhari moja: washushe noti, wasishushe rekodi iliyokwisha kutengenezwa. Rekodi ukiivuta chini zaidi ya hatua mbili tatu, sauti inakuwa nzito ya kutisha. Kama wamepoteza faili la noti na wamebaki na rekodi tu, ni bora waanze upya.

Kuhusu kuingia: tatizo ni kwamba wanaucheza wimbo mzima kama kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyinyi mnaufukuza. Waukate kwa beti. Kila ubeti uwe kipande peke yake, na kijana mmoja akae mahali anapomwona mwongozaji wenu, amtazame yeye na siyo skrini. Ubeti ukiisha, noti ya mwisho ibaki inalia taratibu mpaka mwongozaji ainue mkono. Mkono ukishuka, kijana anabonyeza. Programu nyingi zinaruhusu hivyo, hata kwa kitufe cha kukanyaga mguuni. Kati ya beti waweke pigo moja dogo linalosikika, au noti ya kuanzia ya sauti ya kwanza peke yake, ili kila mtu aipate sikioni kabla hajafungua kinywa. Kijana huyo atakuwa mpigakinanda kwa maana yote ya neno, na nadhani ataipenda kazi hiyo kuliko kubonyeza mara moja na kukaa.

Nyinyi nanyi wapeni jioni moja. Nendeni mkaimbe kwanza bila kompyuta kabisa, wao wakirekodi kwa simu. Wasikilize mnapumulia wapi, mnachelewa wapi, neno gani mnalikaza. Kisha watengeneze muziki juu ya rekodi hiyo, muziki uwafuate nyinyi. Mimi nilifanya hivyo na mama yangu baada ya kushindwa mara ya kwanza. Nilimrekodi akiwa jikoni, beti zote, bila kumwekea mapigo, kisha nikapima kila mstari umechukua sekunde ngapi, nikauandikia mwendo wake. Hakuna mistari miwili iliyolingana. Wa pili daima ulikuwa mrefu kidogo, kwa sababu pale kwenye "Bwana" alikuwa akikaa.

Nilipompelekea mpangilio huo wa pili aliuimba mpaka mwisho bila kufumbua macho. Akaniambia besi ni kubwa mno, haisikii sauti yake. Nikaipunguza.